GIA ILIYOKUPANDISHA NDIYO IKUSHUSHE



Katika mkutano wetu wa tawi ndugu mmoja alisimama akauliza: kwa nini Chama hunena habari za mishahara na likizo kila mwezi, lakini habari ya mguu wa dereva hakijainena hata siku moja? Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Mkulima ana jembe lake, seremala ana randa yake, na dereva ana miguu miwili na mkono wa gia. Jembe likiwa butu mkulima atavuna haba. Mguu wa dereva ukiwa haujui kazi yake, watu huzikwa.

Naandika basi habari ya kuteremka, na habari ya mchezo ule tunaouita fri. Neno langu ni moja tu, nalo nalisema mapema ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho alichukue aende nalo. Dereva anayetia fri mteremkoni anauza roho yake kwa lita chache za dizeli, na bwana mwenye gari anayembana kwa mafuta ndiye mnunuzi. Wote wawili wana makosa. Chama hakina haki ya kumsema mmoja na kumnyamazia mwingine.

YALIYONIPATA MIMI

Sitaki mtu aseme ya kuwa nawahubiria wenzangu nami sijakosea. Mwaka 1996 nilikuwa na leseni ya malori kwa miezi minane. Nilipakiwa saruji tani 18, nikatoka Limuru kushukia Mai Mahiu kwa ile njia ya zamani, iliyochongwa ubavuni mwa mlima na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndio wale wale walioacha kanisa dogo karibu na chini ya mlima, walilolijenga mwaka 1942. Nilikuwa kijana, na mwendo wangu ulikuwa wa kijana.

Nilianza mteremko nikiwa katika gia ya tano, kwa kuwa gari lilikuwa likienda vizuri na sikuona sababu ya kulisumbua. Gari likaongeza mwendo, nikashika breki. Likaongeza tena, nikashika tena. Nilipofika kona ya tatu au ya nne nikasikia harufu ya breki inayoungua, harufu ambayo kila dereva anaijua na hapendi kuitaja. Hapo ndipo nilipoikumbuka gia ya nne. Nikakanyaga klachi, nikatoa tano, nikasukuma nne. Gia ikakataa. Meno yakalia kama kinu cha posho kilichoingiwa na jiwe. Nikajaribu kurudi tano, nayo ikakataa. Sasa nilikuwa katika fri bila kutaka, nina tani 18 mgongoni, na breki nikizikanyaga hadi chini gari halisikii.

Nililitupa kwenye ukingo wa mlima, upande wa kulia, na kwa rehema ya Mungu hapakuwa na gari lililokuwa likipanda wakati ule. Mimi nilitoka na michubuko. Tanboi wangu alivunjika mguu mahali pawili, na tangu siku ile hakupanda lori tena. Mpaka leo anachechemea, na kila nikikutana naye yeye hunisalimu kwanza.

Bwana wangu wa wakati ule alinikata mshahara miezi saba kwa ajili ya rejeta na bodi. Aliniuliza maswali mengi. Hakuniuliza swali moja: Ni nani aliyekufundisha kushusha gia? Kama angeniuliza ningemjibu kweli ya kuwa hakuna. Nilipojaribiwa kupata leseni nilisukuma kigari cha mchezo juu ya ubao wa mji, nikataja alama za barabarani, nikaendesha gari tupu mahali tambarare na kuliondoa kwenye kilima kidogo. Gari lenye mzigo likishuka mlima sikuonyeshwa hata mara moja. Nilipewa leseni ya kupanda, ya kushuka nikaachiwa nijitafutie.

ALIYONIFUNDISHA MZEE

Baada ya hapo mzee mmoja wa kazi hii, aliyenizidi umri kwa miaka ishirini na mitano, alinichukua katika gari lake safari tatu. Siku ya kwanza aliniuliza, "Kijana, ulibadilisha gia wapi?" Nikamjibu, "Kwenye mteremko, mzee, baada ya kona." Akasema, "Basi ulikuwa umechelewa nusu maili. Gia ya kushukia huchaguliwa juu, gari likiwa bado linakusikiliza." Kisha akaniambia neno nililolifanya kichwa cha maandishi haya: gia iliyokupandisha ndiyo ikushushe.

Neno hilo ni la siku za magari ya zamani yenye nguvu kidogo, nalo lafaa kuongezwa kidogo leo. Malori ya sasa yana injini zenye nguvu nyingi, na huweza kuupanda mlima katika gia ambayo ni kubwa mno kwa kuushukia. Kwa hiyo mimi husema: gia iliyokupandisha, au iliyo chini yake, kamwe si iliyo juu yake.

Sasa nieleze kwa nini gia ilinikataa, maana vijana wengi hudhani ya kuwa gia hukataa kwa ubaya tu, kama punda. Ndani ya giaboksi mna meno yanayozungushwa na injini, na mna meno yanayozungushwa na magurudumu. Ili gia iingie, meno ya pande mbili yapaswa kwenda mwendo mmoja. Gia ndogo hutaka injini izunguke upesi zaidi kwa mwendo ule ule wa gari. Tuchukue mfano. Gari linakwenda kilometa 40 kwa saa katika gia ya tano, na injini inazunguka mara 1,200 kwa dakika. Katika gia ya nne, kwa mwendo ule ule, injini itatakiwa kuzunguka kama mara 1,600. Ukikanyaga klachi na kusukuma mkono tu, meno ya upande wa injini yanazidi kupoa badala ya kuongeza mwendo. Hayawezi kukutana na wenzao. Ndiyo sababu ya kelele ile.

Dawa yake ni klachi mara mbili. Kanyaga klachi, toa gia, mkono uwe katikati. Achilia klachi. Piga mafuta kidogo kwa mguu wa kulia, injini ipande mpaka mahali gia ndogo inapotaka. Kanyaga klachi mara ya pili, ingiza gia bila kukawia, kisha achilia klachi kwa utulivu. Mambo haya yote huchukua muda wa kusema "Bismillahi" au "Baba yetu", kwa kadiri ya dini yako. Mguu ukizoea, gia huingia kama kisu katika siagi, na mkono hausikii kitu.

Malori mengi siku hizi yana giaboksi zenye visaidizi ndani yake ambavyo huyasawazisha meno yenyewe, na dereva aliyezaliwa juzi huona klachi mara mbili ni mambo ya babu zake. Mimi namwambia mambo mawili. Kwanza, visaidizi hivyo huchakaa, na magari mengi tunayopewa yamekwisha kulimwa nchi nyingine kabla ya kuletwa kwetu. Pili, ziko giaboksi za malori makubwa ambazo tangu kiwandani hazina visaidizi hivyo, na nyingine zina breki ndogo ya klachi iliyofungwa ili ifanye kazi pedali ikifika sakafuni. Breki hiyo ni ya kuingizia gia gari likiwa limesimama. Ukiikanyaga gari likienda unaiharibu, na unapoteza ule mwendo wa meno unaoutafuta. Dereva asiyejua giaboksi yake ni ya namna gani ni kama mpishi asiyejua chumvi na sukari.

NA NDUGU ZETU WA MATATU

Wenzetu wa magari madogo wasidhani ya kuwa hayo hayawahusu. Katika matatu gia huingia hata ukiwa mzembe, lakini bado klachi na magurudumu hulipa deni. Ukiingiza gia ndogo na kuachilia klachi ghafla wakati injini iko chini, magurudumu ya nyuma hukamatwa kwa ghafla. Juu ya lami kavu abiria watainama tu na kukutukana. Juu ya murramu iliyolowa, au katika ukungu wa Kinungi asubuhi, gari laweza kukugeuka. Piga mafuta kidogo kabla ya kuachilia klachi, na gari halitashtuka.

Wako mafundi wa mguu wanaokanyaga breki kwa upande wa vidole vya mguu wa kulia, na papo hapo wakapiga mafuta kwa upande wa pili wa mguu ule ule, wakashusha gia bila kuiacha breki. Ni kazi ya wenye magari ya mashindano, na ni nzuri kwa anayeijua, katika gari ambalo pedali zake zimekaa karibu na kwa usawa. Lakini simshauri mtu aanze kuijaribu akiwa na abiria kumi na wanne. Shusha gia mapema, na hutahitaji mguu mmoja ufanye kazi mbili.

Na tafadhali, ondoa mguu juu ya klachi ukiwa huna kazi nayo. Klachi si kiti cha mguu. Klachi ikiisha kuchomwa kwa kupakatwa siku nzima, siku utakapoihitaji mteremkoni haitakushika.

HESABU YA MTEREMKO

Mtu mmoja husema: Breki zangu ni mpya, gia ya nini? Na tufanye hesabu naye. Chukua lori ambalo pamoja na mzigo lina tani 40, na mteremko unaoshuka mita 400 kutoka juu hadi chini. Nguvu ya uzito ule ukishuka lazima iende mahali. Sehemu kidogo inaliwa na upepo na matairi. Iliyobaki, ikiwa gari liko fri, yote inakwenda kwenye breki ikawa moto. Moto huo ungetosha kuchemsha karibu lita 470 za maji baridi, yaani mapipa mawili na zaidi. Sasa jiulize kama ungekubali kuwasha moto wa kuchemsha mapipa mawili ndani ya magurudumu yako, kwa muda wa robo saa.

Breki zikipata moto mwingi hazishiki, hata zikiwa mpya za jana. Madramu hutanuka, na laini za breki huteleza. Na dereva akiogopa huanza kupiga breki mara nyingi ndogo ndogo, na kila mara anatumia upepo wa tangi. Kompresa haiwezi kuujaza kwa haraka kama anavyoumaliza, na hasa ikiwa injini iko fri inanguruma polepole. Namna iliyo bora ni hii: uwe katika gia ndogo, injini ikishikilia. Mwendo ukifika ule uliojiwekea, shika breki kwa nguvu ya kutosha, upunguze kama kilometa nane kwa saa, kisha achilia kabisa, breki zipate kupumua. Kama gari lina breki ya eksosi, itumie tangu juu, usiingoje hatari.

Na hesabu ya pili ndiyo iliyonipata mimi. Katika mteremko wa mita 7 kwa kila mita 100, lori lililo fri huongeza kama kilometa 2 za mwendo kwa kila sekunde inayopita. Ukihangaika na gia kwa sekunde kumi, umetoka 40 umefika 60. Sasa ile gia ya nne iliyotaka injini izunguke 1,600 inataka 2,400, na injini nyingi za malori makubwa hazikutengenezwa kufika huko. Gia imefungwa kwako kama mlango wa benki saa kumi na mbili jioni. Na hata ungeweza kuilazimisha ingepasua injini au klachi. Ndiyo maana mzee alisema nilichelewa nusu maili. Katika mteremko kuna saa ya gia na kuna saa ya majuto, na kati yake hakuna nafasi kubwa.

JE, FRI INAPUNGUZA MAFUTA?

Hapa ndipo penye kesi yenyewe, maana hakuna anayetia fri kwa kupenda upepo. Anatafuta dizeli.

Yapasa kila dereva ajue jambo hili. Ukiwa mteremkoni katika gia, na mguu umeondolewa juu ya mafuta, pampu ya dizeli hukata mafuta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo hainywi kitu. Ukitia fri, injini yapaswa kujizungusha yenyewe isizimike, kwa hiyo inakunywa. Basi katika mteremko mkali, lori lililo katika gia hunywa mafuta kidogo kuliko lori lililo fri. Wengi hudhani kinyume chake, na wengine wamekufa wakidhani hivyo.

Mwenzangu mjanja atanijibu: "Ni kweli, lakini fri hunipa mwendo, na mwendo ule hunipandisha kilima cha mbele bila kukanyaga mafuta." Sitamwita mwongo. Kwenye tuta dogo, mwendo huo ni akiba kweli. Lakini ni akiba kwa yule asiyeshika breki tu. Mara unaposhika breki umeitupa akiba ile kuwa moshi, pamoja na laini zako. Na kutoka Sachangwan kushukia Salgaa, au kwenye mteremko wa Mai Mahiu, au ukiliendea daraja la Nithi, mtu ana mambo mawili tu: kushika breki au kufa. Mahali hapo fri haina akiba ya kumpa mtu.

Tunayajua majina ya mahali hapo kwa sababu ya makaburi. Desemba 31, mwaka 1917 hatukuwako. Lakini Desemba 31, mwaka 2017 tulikuwako, basi na lori zilipogongana Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakafa. Juni 30, mwaka 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lilipoteza njia likawaingia watu waliokuwa kando ya barabara wakifanya biashara zao na kungoja magari, wakafa 52. Kila ajali ina chanzo chake, na sitaki kumhukumu dereva yeyote kwa karatasi. Nasema hivi tu: lori zito lisilotii katika mteremko haliulizi ni nani aliye mbele yake, mama wa mboga au abiria wa matatu.

WENYE MAGARI WASIKIE

Sasa nageukia mabwana. Wako wenye magari wazuri, wanaopima mafuta kwa haki na kupeleka gari kwa fundi kabla ya kuombwa. Hao hawana sababu ya kukasirika. Lakini wako wanaokaa ofisini na karatasi, wakaandika lita kadha wa kadha kwa safari, na hesabu yao ni ile ile gari likiwa tupu au likiwa na mzigo, msongamano ukiwapo au usiwepo, mlima ukiwapo au usiwepo. Dereva akizidisha, anakatwa mshahara. Akipunguza, safari ijayo lita zake zinapunguzwa kwa kuwa "imeonekana inawezekana". Nauliza: mtu aliyefungwa hivyo, akifika juu ya Sachangwan saa nane ya usiku, mkono wake utakwenda kwenye gia ipi?

Bwana huyo hakusema kwa mdomo wake "tia fri". Hana haja ya kusema. Karatasi yake imesema. Kisha gari likianguka, yeye ndiye wa kwanza kuwaambia polisi na watu wa magazeti ya kuwa dereva alikuwa mzembe. Twamwambia wazi: uzembe huo uliandikwa ofisini kwako, kwa kalamu yako.

Na sheria haiko upande wake kama anavyofikiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara ambayo mfanyakazi ameifanya kwa kusudi, na kwa kiasi cha haki. Dizeli iliyonywewa na injini ikipanda mlima na tani 28 si hasara ya kusudi. Ni kazi. Vile vile Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka ule ule humtaka mfanyakazi aonapo hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, naye halazimishwi kuirudia hatari hiyo kabla haijaondolewa. Breki mbovu juu ya mteremko ni hatari kubwa kama ipo hatari yoyote duniani.

NASI TUJISEME

Lakini nisingekuwa mwanachama wa kweli kama ningekomea hapo. Ndugu zangu, twajua sote ya kuwa si kila lita iliyookolewa kwa fri huokolewa kwa hofu ya bwana. Nyingine hutolewa kwa mpira na kuuzwa kwenye mitungi kando ya barabara, gizani, kwa nusu bei. Najua sababu. Mshahara ni mdogo, karo ya shule haingoji, na posho ya njiani haifiki hata Mtito Andei. Sababu nazijua kwa kuwa nimeishi nazo.

Hata hivyo nasema: mtungi ule unatufunga midomo. Tukienda kwa bwana kusema "Lita zako hazitoshi", yeye anacheka akijibu, "Kama hazitoshi, hizo mnazouza zatoka wapi?" Na anapojibu hivyo Katibu wetu hana neno. Dereva mmoja anayeuza lita kumi anawanyima madereva mia hoja yao. Afadhali tudai mshahara mchana kwa umoja wetu kuliko kila mtu kujilipa usiku kwa roho yake na ya tanboi wake.

Kuna na kiburi. Wako vijana wanaohesabu fri kuwa ushujaa, wakimpita mzee aliye katika gia ya tatu na kumpigia honi. Mzee yule hana haraka. Ameshusha watoto wake shule kwa gia ya tatu miaka thelathini. Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga, lakini hawakusema aruke.

CHAMA KIDAI NINI

Nashauri tawi letu lipeleke mambo haya katika mazungumzo yajayo ya mkataba na wenye magari.

Kwanza, kipimo cha mafuta kifanywe kwa kila njia na kwa kila mzigo, gari lijaribiwe na dereva mzoefu akiwa katika gia milima yote, na mtu wa Chama akiwamo ndani ya gari. Lita zitakazopatikana ndizo ziandikwe, na pande mbili zitie sahihi.

Pili, pasiwe na kukata mshahara kwa ajili ya dizeli bila dereva kusikilizwa, mjumbe wa Chama akiwapo.

Tatu, kila dereva mpya wa gari zito apewe safari za kutosha ubavuni mwa dereva wa zamani kabla ya kukabidhiwa usukani mteremkoni, na wote wawili walipwe. Wazee wetu wana elimu isiyoandikwa popote. Wakistaafu nayo bila kuirithisha, itatubidi kuinunua tena kwa maiti.

Nne, dakika kumi za kusimama juu ya kila mteremko mkubwa zihesabiwe kuwa saa za kazi. Dereva ashuke, atazame upepo wa breki, aguse magurudumu, achague gia yake kwa moyo mtulivu. Asiandikiwe kuwa amechelewa.

Tano, gari ambalo dereva ameandika ya kuwa breki zake ni mbovu lisitoke mpaka fundi aandike ya kuwa amezitengeneza. Vitabu vya kuandikia viwe viwili, kimoja kibaki na dereva.

Wengine watasema ya kuwa magari ya sasa yanakuja na gia zinazojibadilisha zenyewe, na elimu hii itakwisha kazi. Yatakapofika katika yadi zetu tutayapokea. Lakini hata gari la namna hiyo lina mahali pa fri, na uzito wake mlimani ni ule ule. Na kwa sasa wengi wetu bado tuna mkono wa gia kiganjani na pedali tatu mbele yetu.

Mwisho, nina ombi kwa kila msomaji. Safari yako ijayo, ukifika juu ya mteremko, kabla ya kuona bonde, shusha gia. Klachi, katikati, achilia, mafuta kidogo, klachi, ingiza. Kisha mtazame tanboi aliyekaa kando yako. Yule wangu alikuwa na miaka kumi na tisa.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, dereva wa malori makubwa